Bustani ya Shule: Kwa Nini Tuifanye Adhabu?

Katika shule zetu nyingi za sekondari, bustani ni mahali pa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa namba asubuhi hukabidhiwa jembe. Aliyepiga kelele wakati wa kujisomea hupimiwa hatua kumi za kupalilia. Na mwalimu wa zamu husimama kivulini akihakikisha kwamba kazi imekwisha kabla ya kengele. Mwandishi wa makala haya amefundisha somo la Biolojia kwa miaka mingi, naye ametoa adhabu hiyo mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Kijana anayelelewa hivyo kwa miaka minne hujifunza jambo moja tu kuhusu jembe, kwamba ni chombo cha wakosaji. Halafu sisi walimu hushangaa kwamba hajui kutofautisha mche wa mgagani na gugu.

Hoja ninayotaka kuitoa ni kwamba bustani inayolimwa na watu wengi kwa pamoja si kitega uchumi kidogo cha shule tu, wala si mahali pa kumalizia nguvu za watundu. Ni mahali ambapo majina ya mimea, ujuzi wa mbegu na desturi ya kusaidiana hupita kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya majukwaani. Kwa hiyo, badala ya kuhubiri, nitaanza na habari za watu halisi ambao baadhi ya mababu zao walitoka katika nchi hii yetu, na ambao leo wanalima mahindi katika nchi inayofunikwa na theluji kwa miezi kadhaa ya kila mwaka.

Katika miaka ya 1830 nchi ya Uzigua, yaani sehemu za Handeni na jirani zake katika Mkoa wa Tanga wa leo, ilipatwa na njaa kali. Watu walishuka pwani wakitafuta chakula. Wengine walijiweka rehani kwa matajiri. Wengine, kama simulizi zao zisemavyo, walidanganywa kwamba wanapelekwa penye kazi na chakula, wakajikuta ndani ya majahazi yaendayo kaskazini. Waliuzwa katika bandari za Barawa, Marka na Mogadishu, wakatiwa kazini katika mashamba ya bonde la Mto Shabelle. Pamoja nao walikuwako Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo waliotoka kusini zaidi. Baada ya muda makundi ya watumwa hao yalitoroka, yakaelekea kusini hadi kwenye misitu minene ya Mto Juba, sehemu iliyokuja kuitwa Gosha. Wazigua wa huko husimulia hata leo habari za Wanankhucha, mwanamke aliyewaongoza wazee wao katika safari hiyo.

Katika misitu ile walifyeka, wakalima. Walijifunza tabia za mto: lini hufurika, maji hukaa wapi, na ni bonde gani hubaki na unyevu wa kutosha kuotesha mahindi na kunde baada ya gharika kupungua. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikaa katika vichwa vya wakulima na katika majina waliyoyapa mabonde hayo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Italia iliwalazimisha kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, nao wakayarudia mashamba yao walipopata nafasi. Wengi, vizazi vilivyopita, waliziacha lugha za mababu wakasema Kimaay, lugha ya majirani zao. Lakini wale wa asili ya Uzigua waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150, mbali na Handeni. Jina la "Wabantu wa Somalia" wanaloitwa siku hizi ni jina la juzi tu. Lilienezwa na mashirika ya misaada katika miaka ya 1990, na wenyewe hapo kwanza hawakuwa wakijiita hivyo. Sisi tunaofundisha tungefaa kukumbuka kwamba neno Bantu ni la wanaisimu, nalo huhusu jamii ya lugha.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hao walikuwa na chakula ghalani na hawakuwa na silaha. Kila kundi lenye bunduki lililopita bondeni lilipora. Maelfu walikimbilia Kenya, katika kambi za Dadaab. Wengine walipanda vyombo wakashuka Tanga, wakisema wanarudi kwao, na Serikali yetu iliwapokea wilayani Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye katika makazi ya Chogo. Mwaka 2009 zaidi ya elfu moja kati yao walikwisha pata uraia wa Tanzania. Wale wa Dadaab, baadhi yao, walichukuliwa na Marekani. Mwaka 2002 walihamishiwa Kakuma kwa usaili, na kuanzia mwaka 2003 walianza kupelekwa huko, jumla yao ikifika watu wapatao 12,000, wakatawanywa katika miji mingi. Kuanzia kati ya miaka ile ya 2000 sehemu yao walihamia kwa hiari yao Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya nchi ile. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman, ambaye miaka ya 1987 na 1988 alikuwa ameishi katika kijiji kimoja cha bonde la Juba, alikutana tena na watu wa kijiji hicho hicho mjini Lewiston, karibu na chuo anachofundisha. Habari hizo amezieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 2016.

Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na viwanda hivyo vilikwisha fungwa. Mtu aliyezaliwa kando ya Mto Juba hufika hapo bila lugha, bila cheti, na katika baridi. Kwa macho ya ofisi hajui kitu. Lakini mpe shamba! Mwaka 2014 chama cha jumuiya yao kilianzisha mashamba ya pamoja yanayoitwa Liberation Farms, ambako familia hulima mboga za kula na kuuza, na ambako kuna vikundi vya ushirika viitwavyo iskashito, neno la Kisomali lenye maana hiyo hiyo ya ushirika. Vikundi hivyo hulima hasa mahindi ya punje ngumu, kwa ajili ya unga. Mahindi laini na matamu yanayouzwa madukani Marekani hayafai kwa chakula chao, kama yasivyofaa kwa ugali wetu.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwa ajili ya sayansi, kwani ndipo penye fundisho ambalo wengi hulipita. Handeni iko nyuzi 5 hivi kusini ya Ikweta. Bonde la Juba lenyewe liko karibu kabisa na Ikweta. Katika sehemu hizo mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, saa 12 kwa saa 12, tofauti ikiwa ya dakika chache. Lewiston iko nyuzi 44 kaskazini. Mwezi Juni mchana wake hupita saa 15. Sasa mahindi ya nchi za joto hupima urefu wa usiku. Ndani ya majani mna kemikali iitwayo faitokromu, inayobadilika umbo kwa mwanga na kurudi polepole gizani. Kwa njia hiyo mmea hujua usiku umekuwa mrefu kiasi gani, na usiku ukitosha ndipo huanza kutoa maua. Ukiichukua mbegu ya Juba ukaipanda Maine mwezi Mei, usiku mfupi wa kiangazi huichelewesha. Mmea hurefuka, hupendeza, huwa na majani mengi, lakini mbelewele huchelewa kutoka. Kisha jalidi hushuka wakati wa vuli, na kila kitu hufa kabla punje hazijakomaa. Huko msimu usio na jalidi ni wa miezi minne hadi mitano tu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba hata kama bibi mmoja angeificha mbegu ya babu yake ndani ya upindo wa nguo kutoka Juba hadi Dadaab, Kakuma na Marekani, mbegu ile isingemfaa. Watu hupenda kusema kwamba utamaduni ni mbegu. Mimi naona kauli hiyo ni nusu ya kweli. Kilichovuka bahari ni ujuzi wa kuichagua mbegu: punje iwe ngumu, iwe na wanga wa kusagika, gunzi lijae hadi nchani, mmea usianguke kwa upepo. Kwa ujuzi huo mkulima aliweza kutafuta mahindi yanayokomaa mapema na kuyatambua kuwa yanafaa. Tena mahindi ya punje ngumu yaliyozoea kiangazi kifupi hayakuwa mageni katika nchi ile. Wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki ya Marekani, wakiwamo jamii za Wabanaki wa Maine, walikuwa wakiyalima karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Kwa hiyo mkulima wa Gosha alipokosa mbegu ya kwao alikuta kwamba mwenye nchi wa kwanza alikwisha litatua tatizo hilo hilo. Mchicha, kwa upande mwingine, haukuleta shida hiyo. Aina nyingi za mchicha nazo huharakisha maua usiku unapokuwa mrefu. Kwa hiyo katika siku ndefu huendelea kutoa majani tu, na mlaji wa mchicha hutaka nini kingine?

Mwalimu wa Biolojia anayeitafuta mada ya mwitikio wa mimea kwa urefu wa mchana hana haja ya kusubiri darubini. Tuta moja la mchicha na boksi la kufunikia mchana vyatosha.

Lakini si mahindi tu yanayotunzwa katika mashamba ya namna hiyo. Jambo linalonigusa zaidi ni nafasi ya wazee. Mzee mhamiaji katika mji wa kigeni hugeuka mtoto: mjukuu ndiye anayemsomea barua, ndiye anayemtafsiria kwa daktari, ndiye anayejua basi lipi lapita wapi. Shambani mambo hugeuka tena yakawa sawa. Hapo mjukuu ndiye asiyejua, na bibi ndiye anayeulizwa. Maneno ambayo hayana kazi ndani ya nyumba ya ghorofa, kama vile majina ya magugu, ya aina za udongo na hatua za kukua kwa mahindi, hupata kazi tena, na neno lisilo na kazi halikai kinywani mwa kijana. Kadhalika, mwenzao akiugua, akijifungua au akifiwa, sehemu yake haiachwi imezwe na magugu. Sisi tumezoea mambo hayo kwa majina ya ujima, harambee, au msaragambo kwa ndugu zetu Wapare. Yafaa hata hivyo tuseme ukweli, kwamba katika ujima wetu wa zamani mzigo mkubwa wa kupalilia uliwaangukia wanawake huku sifa zikienda kwingine. Anayetaka kuurudisha ujima shuleni asiurudishe na kasoro hiyo.

Kuna hatari moja ambayo bustani za mijini hukutana nayo, na ambayo haionekani kwa macho. Nyumba za zamani za Marekani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi. Matumizi ya rangi hizo majumbani yalipigwa marufuku huko mwaka 1978, lakini rangi ya zamani hubanduka, ikaanguka chini, na risasi haiozi. Hubaki katika udongo wa juu kwa miongo mingi, ikaingia kwa mtoto kwa njia ya vumbi na majani yasiyooshwa vema, ikadhuru ubongo unaokua. Ndiyo maana wanaolima viwanjani mjini hushauriwa kupima udongo kwanza, au kutengeneza matuta ya kuinuliwa yenye udongo safi ulioletwa kutoka kwingine, na kuongeza mboji, kwani mboji huikamata risasi isiingie mmeani kwa urahisi.

Tusidhani kwamba hilo ni tatizo lao peke yao. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya utafiti kuhusu mboga zinazolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi mjini Dar es Salaam, ambazo zilipimwa madini mazito. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, jambo la kushukuru, lakini udongo wa kando ya barabara kuu haukuoshwa siku hiyo, na betri mbovu bado zavunjwa katika gereji nyingi ukutani mwa shule. Shule inayotaka kuanzisha bustani iulize kwanza kiwanja kilikuwa nini kabla ya kuwa kiwanja cha shule. Swali hilo ni la historia na la kemia kwa pamoja, na wanafunzi hulipenda.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kila shule iwe na shamba, na kwamba walimu na wanafunzi wawe wakulima pamoja. Wengi wanalikumbuka hilo. Lisilokumbukwa ni kwamba alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua: nini kilimwe, mapato yatumike vipi, makosa yametoka wapi. Tulilichukua jembe tukaliacha shauri. Tangu wakati huo, mwanafunzi hulima asichokichagua, katika mpango asioujua, na mavuno huyaona yakipita kwenda asikojua. Kwa hali hiyo, adhabu ndiyo sababu pekee iliyobaki ya kumpeleka shambani. Ninaamini kwamba hapa ndipo tulipoharibu, na wala si kwa uvivu wa vijana.

Niruhusiwe kutoa mfano wa kwangu. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, tulikuwa na kiwanja cha nyuma ya jiko chenye upana wa hatua thelathini. Mama mmoja mzee aliyekaa jirani alikuwa akipita akituangalia tunavyohangaika na kabichi zinazoliwa na wadudu. Siku moja aliingia bila kuitwa, akauliza, "Walimu, hamli mboga za kwenu?" Kesho yake alileta kibuyu. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mgagani, mnavu na mlenda, kila aina katika kitambaa chake, na kunde zilizochanganywa na majivu. Wanafunzi wa kidato cha tatu walicheka majivu yale mpaka tulipofanya jaribio: kunde zenye majivu na kunde zisizo nayo katika chupa mbili, kwa miezi mitatu. Zisizo na majivu zilitobolewa na fukusi karibu zote. Majivu hujaza nafasi kati ya punje hata mdudu asipate njia, tena hukwangua nta inayofunika ngozi yake, akapoteza maji, akafa. Yule mama hakujua neno nta kwa maana hiyo. Alijua tu majivu ya mti gani ni mazuri, na kwamba yachekechwe.

Kwa miaka miwili alikuja kila Alhamisi. Wanafunzi walimwita Bibi, wakamwamkia Shikamoo hata wale watukutu. Tuliandika daftari la majina: mgagani kwa Kiswahili, na pembeni yake jina alilolitaja kila mwanafunzi kwa lugha ya kwao. Jani moja lilipata majina tisa. Kijana mmoja aliyekuwa kimya darasani mwaka mzima alijulikana siku ile, kwa sababu kwao mboga hiyo hupikwa na maziwa yaliyoganda na yeye alijua namna ya kuupunguza uchungu wake. Hakuna aliyetiwa bustanini kwa kosa muda wote huo. Badala yake walikuwako waliojiorodhesha.

Kisha uongozi uliamua kwamba kiwanja kile kinatazama barabara, na kinachotazama barabara kijengwe fremu za maduka ya kupangisha. Trekta lilikuja wakati wa likizo. Tuliporudi hatukukuta hata tuta moja, na mbegu za msimu ule zilikuwa bado ziko kwenye mimea. Bibi alikuja Alhamisi kama kawaida yake, akasimama, akaniuliza kama tumehamia upande gani. Sikuwa na la kumjibu. Alifariki mwaka uliofuata, na ujuzi wake wa mti wa majivu sikuwa nimeuandika.

Kwa haki, lazima niutaje upande wa pili. Tangu ada ilipofutwa katika shule za sekondari kuanzia Januari 2016, wanafunzi wameongezeka mno, na mkuu wa shule asiyekuwa na madarasa hawezi kulaumiwa akiitazama bustani kwa macho ya mjenzi. Darasa likijengwa mahali pa bustani, nanyamaza. Fremu ya kuuzia soda ni jambo jingine. Wengine wamenieleza kwamba daftari la majina ya mimea kwa lugha za makabila laweza kuwagawa wanafunzi. Nimeona kinyume chake: mtoto anayegundua kwamba mlenda wa kwao ndio mlenda wa jirani yake kwa jina jingine amepata ndugu. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 haiwezi kuunganishwa kwa kuzisahau zote. Wengine, hasa wazazi, husema hawakumleta mtoto shuleni kuja kulima. Hao nawajibu kwamba nami sikubali mtoto alime tu. Alime akiwa na kalamu sikioni.

Suala gumu kuliko yote hayo ni la ardhi, na hapa tena wale wa Lewiston wana la kutufundisha. Miaka ya mwanzo walilima katika viwanja vya kukodi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 walipata, katika mji mdogo wa Wales jimboni humo, shamba la zaidi ya ekari 100 linaloshikwa na chombo cha pamoja cha wakulima, kwa mkataba wa miaka 99. Kinyume chake ni bustani iliyokuwa Kusini-Kati ya Los Angeles, yenye ekari 14. Familia zipatazo 350, wengi wao wahamiaji wa Meksiko na Amerika ya Kati, waliilima tangu 1994 wakaotesha humo mimea ya kwao. Hawakuwa na hati. Jiji liliiuza ardhi kwa mtu binafsi mwaka 2003, na Juni 2006 askari waliwaondoa na tingatinga likapita. Nilipozisoma habari hizo nilikikumbuka kiwanja chetu cha nyuma ya jiko.

Kwa sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati ya kumiliki yaweza kutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Shule nyingi hazina hata hiyo hati kwa eneo lao zima, seuze bustani. Napendekeza kwamba bodi ya kila shule iichore bustani katika ramani ya shule, iweke azimio katika kumbukumbu za kikao kwamba eneo hilo halibadilishwi matumizi bila ya mkutano wa wazazi, na nakala ibaki kwa serikali ya kijiji au ya mtaa. Ni karatasi mbili tatu tu. Kama tungekuwa nazo mwaka ule, trekta lingelazimika kungoja likizo iishe na sisi tuwepo. Pamoja na hayo, wakuu wa shule waiondoe bustani katika orodha ya adhabu kwa maandishi, na walimu wa Biolojia, Jiografia na Kiswahili waigawane: mmoja ashike mbegu, mwingine udongo, na wa tatu daftari la majina. Mzee wa jirani aalikwe kwa barua yenye mhuri kama anavyoalikwa mgeni rasmi, na nauli yake itolewe.

Kwa walimu watakaotaka kuanza na mgagani msimu ujao, nawatahadharisha juu ya jambo lililotupotezea mwezi mzima. Mbegu zilizovunwa karibuni huwa bado zimelala, na nyingi hazioti hata zikinyweshwa vipi. Zikaushwe, ziwekwe mahali pakavu kwa miezi mitatu hadi mitano, ndipo zipandwe. Zisiachwe juu ya udongo, kwani mwanga nao huzizuia kuota. Zifunikwe kwa udongo laini usiozidi unene wa kidole, na tuta lisikauke kabla ya wiki moja kwisha.